Shikamoo, Nguzo

Ngwe! Ngwe! Ngwe-ngwe-ngwe!

Ni debe hilo. Halionekani, wala anayelipiga haonekani, kwa kuwa ni saa nane usiku na mtaa mzima umezama gizani. Kisha inasikika sauti ya mwanamume, imekauka kwa vumbi na uchovu.

"Nyumba ya Bi Tunu! Mtoto ameamka?"

"Ameamka!"

"Nimsikie!"

Kutoka ndani inakuja sauti nyembamba ya kitoto: "Saba mara moja, saba! Saba mara mbili, kumi na nne! Saba mara tatu, ishirini na moja!"

"Hongera, mwanafunzi! Taifa linakutegemea!" Na debe linahamia nyumba ya pili.

Hivyo ndivyo siku inavyoanza katika Jamhuri ya Mapema, nchi yangu tukufu, ambayo haifanani hata kidogo na nchi yoyote unayoijua, msomaji, kwa hiyo usinitazame hivyo. Anayepiga debe ni Hamduni, kijana wa mtaani kwetu, ambaye cheo chake ni Afisa Uamsho katika Wizara ya Elimu na Uamsho. Na ile sauti nyembamba si ya mtoto. Ni ya Bi Tunu mwenyewe, mpika vitumbua, mama mzima mwenye mwili wake, anayeibana sauti puani mpaka itoke ya kitoto. Siwema, binti yake wa darasa la sita, yuko chini ya meza, juu ya gunia, amelala fofofo. Mama anaiibia Wizara nusu saa ya usingizi kwa ajili yake. Akina mama wote wa Mapema hufanya hivyo, ndiyo maana ni hodari wa kuzidisha kuliko maprofesa wa nchi jirani. Wizara inajivunia sana jambo hilo, bila kujua limetoka wapi.

Zamani tulikuwa tunaamka alfajiri kama binadamu wengine. Kisha yakatoka matokeo ya mitihani, na nchi jirani wakatupita. Mheshimiwa Shomvi, Waziri wetu, akauliza swali moja la kitaalamu: "Watoto wao wanaamka saa ngapi?" Akajibiwa, saa kumi na moja. "Basi wa kwetu wataamka saa kumi." Jirani kusikia hivyo, wakashuka hadi saa tisa. Sisi tukashuka hadi saa nane, na hapo ndipo tulipo kwa sasa. Shule moja ya makao makuu imeanza kufundisha masomo ya Jumanne siku ya Jumatatu jioni. Imepewa kikombe.

Mapumziko ya mchana yalifutwa, kwa sababu watoto walikuwa wanatoka nje na kupigwa na jua, na jua halimo kwenye mtaala. Madirisha ya madarasa yakapakwa rangi ya bluu ya serikali ili macho yasipate pa kutorokea. Magodoro ya wanafunzi yakakusanywa kwa malori na kufungiwa katika ghala la Wizara. Huko yanalindwa kwa bunduki, na mmoja wa walinzi ni Mzee Feruzi, mume wa Bi Tunu na baba yake Siwema. Katika familia ile ni yeye peke yake anayelala vizuri. Analala kazini, juu ya rundo la magodoro linalogusa dari, na mojawapo ni la binti yake.

Na nyumba ambayo mtoto wake haitikii debe? Inang'olewa mlango, ili upepo ufanye kazi iliyomshinda mzazi. Mtaani kwetu nyumba kadhaa hazina milango. Ukiwauliza wenyewe, watakuambia ni joto la mwaka huu.

*

Dalili ya kwanza ya balaa ilikuwa adabu.

Siwema alikuwa akitoka nyumbani na begi lake, mbele yake anaona kitu kirefu kimesimama. "Shikamoo," anasema, na goti linainama. Kitu kinanyamaza. Anapita. Mbele kidogo kuna kingine. "Shikamoo." Kimya. Zilikuwa nguzo za umeme. Mtoto wa Mapema akimpita mtu mzima bila kumwamkia, habari hufika nyumbani kabla yake, na fimbo humngojea mlangoni. Sasa Siwema, hata mchana kweupe, hakuweza tena kutofautisha mzee na nguzo mpaka awe amevifikia. Kwa hiyo, ili asikosee, alisalimia kila kilichosimama wima.

Wenzake nao vilevile. Walisalimia nguzo, wakasalimia kanzu zilizoanikwa, wakamsalimia punda wa muuza maji, naye punda, nasikia, aliwahi kuitikia. Wazee walifurahi mno. Barazani ikasemwa kwamba malezi yamerudi. Wizara ikatoa tamko kwamba kuamka mapema kumeongeza heshima nchini, na ikazilaumu nguzo za umeme kwa kutoitikia "marahaba".

Darasani hali ilikuwa hiyohiyo. Siwema hakuona ubao, akawa ananakili kwa Rukia, aliyekaa naye dawati moja. Rukia alinakili kwa wa mbele yake, na huyo kwa wa mbele zaidi, mpaka mlolongo ukafika kwa Kombo, aliyekaa dawati la kwanza kabisa. Darasa zima lilimtegemea Kombo. Kombo naye alikuwa anabuni.

Yote haya yangekuwa ya kuchekesha kama isingekuwepo barabara. Kati ya nyumba zetu na Shule ya Msingi Alfajiri inapita barabara kuu ya malori ya saruji. Asubuhi moja Rukia alivuka jicho moja limefumba kwa usingizi na la pili halioni mbali. Lori likamvunja mguu mahali pawili. Taarifa ya serikali ilieleza kwamba lori lile lilikuwa "kitu cha mbali kilichokaribia bila kibali". Hospitalini Rukia alilala siku nzima na usiku wake, na wauguzi walisema hawajapata kumwona mtoto aliyevunjika akitabasamu namna ile.

Siwema alikuwa nyuma yake siku hiyo. Alilisikia lori. Hakuliona mpaka lilipokwisha pita.

"Mama," alimwambia Bi Tunu jioni ile, "mimi ndiye wa pili."

"Wa pili kwenye nini? Matokeo yametoka?"

"Wa pili kugongwa."

Bi Tunu aliduwaa, mwiko mkononi. Vitumbua vikaungua, na vitumbua vya Bi Tunu havijapata kuungua tangu aolewe.

*

Kesho yake alifunga biashara akampeleka mtoto kwa Dakta Mwajabu, daktari wa macho wa zahanati yetu. Dakta alimpima, akamkalisha, akamtazama mama.

"Bi Tunu, mtoto huyu anaona vya karibu tu. Vya mbali kwake ni moshi. Anahitaji miwani, sasa hivi. Anahitaji pia kucheza nje juani kila siku, na kulala usiku kama mtoto. Ukimfungia ndani na kitabu puani tangu usiku wa manane, macho yatazidi kuharibika."

"Miwani unayo?"

"Ninayo sanduku zima, ya watoto, ya bure. Lakini siruhusiwi kumvika mwanafunzi hata moja bila Wizara kukubali."

Dakta Mwajabu akaenda Wizarani, akasema yote bila kupunguza. Mheshimiwa Shomvi alimsikiliza kwa makini, kisha akazungumza na taifa kwa redio.

"Ndugu wananchi! Nimeambiwa watoto wetu hawaoni vya mbali. Nami nauliza: vya mbali vina faida gani? Kitabu kiko mbali? Kalamu iko mbali? Mwalimu na fimbo yake wako mbali? Kilicho mbali ni nchi jirani tu, na hatuna haja ya kuitazama!"

Wiki ile milima ikafutwa kwenye somo la jiografia. Nyota zikafuata.

Dakta hakukata tamaa. Akarudi kusema: angalau wapimwe. Neno hilo liliingia Wizarani likiwa kipimo, likatoka likiwa mtihani, kwani katika Mapema mtoto hafanyi lolote mbele ya mtu mzima ambalo si mtihani. Ukatangazwa Mtihani wa Taifa wa Macho. Kanuni zilikuwa fupi. Atakayefeli apewe miwani kutoka sanduku la Dakta. Shule itakayofelisha hata mtoto mmoja, mwalimu wake mkuu ahamishiwe Kisiwa cha Popo, akafundishe popo. Na mzazi wa aliyefeli, mlango.

Mwalimu Mkuu wa Alfajiri ni Bwana Kaniki, mtu ambaye shule yake haijapata kufeli kitu. Siku ileile alikwenda zahanati akilalamika jino, akaketi mbele ya ubao wa herufi wa Dakta mpaka akaujua wote, akarudi jino limepona. Jioni darasa la sita likafundishwa ubeti:

Juu kabisa kuna O, duara kama sahani,
Chini yake ni T na U, zimekaa kwa amani,
Zifuatazo ni B, A, zikisubiri mezani,
Na za mwisho tunajua, tumezishika kichwani.

Vina vya kati haviko sawa, hata mimi nimeona. Mwalimu Kaniki alieleza kwamba vina vya kati havitahiniwi.

Waliuimba usiku na mchana. Waliuimba wakiwa wamesimama, wakiwa wamefumba macho, wakiwa wamegeukia ukuta. Mwalimu alipita na fimbo akisema, "Mtoto wa Alfajiri haoni kwa macho! Anaona kwa bidii!"

Nyumbani Siwema hakula.

"Feli tu, mwanangu," alisema Mzee Feruzi, ambaye alikuwa anajiandaa kwenda lindo na mto wake kwapani. "Kufeli kuna ugumu gani? Mimi nimefeli miaka yote na sikufundishwa na mtu."

"Wewe nyamaza," alisema Bi Tunu. "Mtoto akifeli tunang'olewa mlango. Na Kaniki atamfukuza shule kabla hajapanda boti ya Kisiwa cha Popo."

"Na asipofeli hapati miwani."

"Najua!"

"Asipopata miwani, kuna lori."

"Nimesema najua, Baba Siwema!"

Siwema akasema taratibu, "Hata nikitaka kufeli siwezi. Nimeshaukariri ule ubeti. Mdomo unausema wenyewe. Mpaka nikilala nausikia."

"Unalala saa ngapi wewe, ukausikia?"

"Darasani."

*

Siku ya mtihani watoto wa Alfajiri walitolewa nje, na jua likawapiga usoni. Walisimama mistari, wamekunja nyuso, wakilinusa kama chakula walichokisahau.

Gari la Waziri lilipoingia, Mwalimu Kaniki alitoa ishara. Shule nzima ikapiga magoti kwa pamoja na kuvuma: "Shikamooo, Mheshimiwaaa!"

Ilikuwa salamu nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia, ila ilielekezwa kwenye tangi la maji. Tangi lilikuwa jeupe, limevalishwa utepe wa bendera, na ni nene kiunoni, kwa hiyo kosa lilieleweka. Mheshimiwa Shomvi, aliyekuwa upande wa pili, alikohoa. Walimu wakakimbia wakiwageuza watoto kwa mabega, mmoja mmoja. "Huku! Mheshimiwa yuko huku! Huyo anayesogea!"

Jukwaani waheshimiwa wote walikuwa wamevaa miwani. Ilikuwa midogo, imewabana masikio, mingine ya rangi ya waridi yenye vipepeo pembeni. Sanduku la Dakta lilipitia Wizarani kwa ukaguzi, na kwa kuwa ilikuwa hakika hakuna mtoto atakayefeli, viongozi waliona si vyema miwani ikae bure. Inampa mtu sura ya msomi. Mheshimiwa alikuwa na ya kijani. Alijikwaa mara tatu kupanda ngazi.

Akahutubu. "Watoto wa Mapema! Jicho ni askari! Askari halali! Na askari asiyelala haogopi herufi!" Makofi. Hotuba ilichukua muda mrefu, ndiyo sababu alisahau kazi yake moja ya siku ile, kuuvua ubao wa herufi kitambaa cha bendera kilichoufunika. Ubao ukabaki umefunikwa gubigubi, na mtihani ukaanza.

Aliitwa Kombo. Akasimama kwenye alama iliyochorwa chini, akakikabili kitambaa. "Juu kabisa kuna O, duara kama sahani..." Akamaliza ubeti wote. Asilimia mia! Akaitwa mwingine. Asilimia mia! Akaitwa mmoja aliyejipanga vibaya, akausomea mlingoti wa bendera. Asilimia mia!

Dakta Mwajabu akasimama. "Mheshimiwa, ubao umefunikwa!"

Mheshimiwa akavua miwani, akautazama ubao, akairudisha. Kisha akainua mikono juu. "Mmeshuhudia, ndugu wananchi! Wa nchi jirani wanaona ubao. Wa kwetu wanaona kupitia kitambaa!"

Makofi yalirusha kunguru mitini. Nami nilipiga, ni lazima niseme. Ukiwa Mapema mikono hupiga yenyewe.

Ndipo akaitwa Siwema. Alisimama kwenye alama. Mdomo ulifunguka wenyewe, kama alivyosema, na herufi ya kwanza ikawa tayari ulimini. Nje ya ukuta wa shule lori la saruji likapita likinguruma. Siwema akageuza kichwa kuutafuta mlio. Akafumba mdomo.

"Soma!" alisema Mwalimu Kaniki kwa meno.

"Sioni."

"Herufi gani huoni, mwanangu?" aliuliza Mheshimiwa kwa upole wa mbele ya watu.

"Sioni herufi. Sioni ubao. Na wewe sikuoni, shikamoo. Nasikia sauti tu. Mwenzangu Rukia hakuliona lori, na mimi silioni. Nimefeli. Naomba miwani yangu."

Huko kulikuwa kufeli kwa kwanza kwa hiari katika historia ya taifa. Mwalimu Kaniki akakaa chini, pale pale vumbini. Katika wazazi mtu akacheka, mwingine akafuata, si kicheko cha furaha.

"Ana usingizi huyu," alisema msaidizi wa Waziri.

"Ndiyo," alisema Dakta Mwajabu. "Wote wana usingizi. Na kanuni ni ya kwenu: aliyefeli apewe miwani." Akapanda jukwaani, akapita mbele ya waheshimiwa akiwachungulia nyuso kama anayechagua nyanya, akasimama mbele ya Waziri. "Ya mtoto huyu ndiyo hii uliyovaa."

Mheshimiwa Shomvi alitazama wazazi, wakawa hawacheki tena. Akamtazama mpiga picha. Tabasamu likamjia. "Serikali yenu ni sikivu!" akatangaza, akaivua miwani ya kijani na kumvika Siwema kwa mikono yake miwili, polepole, picha itoke.

Picha ikatoka.

Siwema akainua uso. Akaona majani ya miti, moja moja. Aliwaona wenzake wamepanga mistari, macho yamevimba, wengine wanasinzia wima. Akamtafuta mama yake miongoni mwa wazazi, akamwona toka mbali kule, na akashtuka. Hakuwa amemwona mama yake kwa mbali kwa miaka miwili. Alimwona mwanamke aliyezeeka, macho mekundu, ambaye mashavu yalimlegea kwa kusema jedwali la saba kila usiku badala ya mtu mwingine.

"Haya, picha imetosha," alisema msaidizi, na mkono wake ukaja kuichukua miwani.

Kwa mara ya kwanza tangu darasa la nne, Siwema aliuona mkono unakuja kabla haujamfikia. Akainama. Akakimbia.

Alitoka getini, msaidizi nyuma yake, mpaka ukingo wa barabara kuu. Hapo alisimama ghafla. Lori la saruji lilikuwa linakuja, bado liko mbali, dogo kama kiberiti, likikua. Alilitazama likikua. Lilipita, vumbi likamrukia. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuka. Msaidizi akabaki ng'ambo, kwa kuwa msafara wote wa malori ulikuwa umefika. Mbele ya nyumba yao ilisimama nguzo ya umeme. Siwema aliipita bila kuiamkia.

*

Jioni walikuja mafundi wa Wizara, wakang'oa mlango. Mzee Feruzi aliwasaidia kulegeza bawaba, wasije wakavunja fremu. Mtoto alifukuzwa shule, na miwani ikatangazwa kuwa mali ya umma iliyotoroka. Mzee Feruzi akaaga kwenda lindo. Baada ya kitambo akarudi, kichwani amebeba godoro, akalitua chini ya meza bila kusema neno, akaenda zake. Sijui kama amebakiwa na kazi.

Ngwe! Ngwe! Ngwe-ngwe-ngwe!

Debe lilifika saa ileile, kwa kuwa amri ya Hamduni haikutaja waliofukuzwa. Alinyoosha rungu kugonga mlango, likapita hewani. Pale mlango ulipokuwa pameketi mtu, kwenye kigoda, amejaza nafasi yote kutoka mwimo hadi mwimo.

"Nyumba ya Bi Tunu," alisema Hamduni, sasa kwa sauti ndogo. "Mtoto ameamka?"

Ndani hapakusikika jedwali la saba. Ilisikika pumzi ya mtoto, ndefu, ya chini, na juu ya meza miwani ya kijani ilikuwa imekunjwa vizuri.

"Amelala," alisema Bi Tunu, kwa sauti yake mwenyewe, nene, bila kuibana puani.

"Bi Tunu, mimi nimetumwa tu. Nikasemeje huko?"

"Sema hivyohivyo. Amelala."

"Watarudi, mama. Watang'oa na madirisha."

"Waje. Upepo utanipiga mimi kwanza." Nyumba ya pili mtu alikuwa ameanza kusema saba mara moja, akanyamaza, akisikiliza. Bi Tunu akapaza sauti ili na huyo asikie. "Na wewe Hamduni, nakuahidi mbele ya mtaa huu: ukija kesho atakuwa amelala. Ukija keshokutwa atakuwa amelala. Ataamka jua likishatoka, avae miwani yake, avuke barabara akiiona. Nakuahidi, mwanangu. Sasa weka debe chini, nawe ukalale."